Mawe Meupe ya Elkanah

Kabla ya kuhamia Germantown, huku Marekani, sikujua kwamba kanisa linaweza kufa. Kwetu Nyahururu makanisa huzaana tu. Unalala na moja mtaani, unaamka na mawili, na la pili lina spika kubwa kuliko la kwanza. Lakini ukizipita hizi nyumba mpya za Germantown, ukavuka reli na kuingia kule kwenye mashamba ya mahindi na maghala mekundu ya nyasi, utakuta makanisa ya mbao yamesimama peke yake kando ya barabara, milango imefungwa kwa minyororo na mwenyewe hajulikani.

Nilianza kuyazungukia pamoja na Baruti. Baruti ni Mmarekani mweusi, mwalimu wa historia, aliyejifunza Kiswahili chuoni na kukipenda kuliko sisi tuliozaliwa nacho. Husema "tafadhali" hata kwa mbwa. Jumamosi nisizokuwa na zamu tulipanda gari lake, kamera yake kiti cha nyuma, tukazipita zile barabara nyembamba za mashambani tukichungulia madirisha. Yeye alikuwa akipiga picha makanisa yaliyojengwa na babu zake baada ya utumwa kukomeshwa. Mimi nilikuwa natafuta nyumba ya Mungu isiyo na mtu ndani.

Ushirika wetu wa Wakenya ulikuwa umehama mpaka tukachoka kufungasha ngoma. Tuliabudu katika ukumbi wa shule kule Lanham tukaondolewa. Tukaenda ghala moja la Landover, jirani na uwanja wa mpira, ambako Jumapili za mpira mahubiri yalishindana na honi za magari. Basi nilichungulia kila kanisa la mashambani kwa jicho la mpangaji. Moja lilikuwa limegeuzwa karakana ya mfinyanzi, jingine nyigu walikuwa wamelichukua mpaka mimbari. Jingine lilibaki ngazi tu, za mawe, zinapanda na kuishia hewani.

Kumbe ufunguo ulikuwa kwa mtu niliyemwogesha mimi mwenyewe. Bibi Peterson alikuwa mgonjwa wangu. Nilimhudumia nyumbani kwake, nikampikia uji wa shayiri na kumsomea Zaburi. Mimi nilimwita Shosho, kama tunavyowaita nyanya zetu Gikuyuni, naye alilipenda jina hilo. Siku moja nilipokuwa nikimsimulia safari zangu na Baruti, alinikatiza.

"Mnatafuta kanisa?" akasema. "Mimi ninalo."

Lilikuwa Elkanah Chapel, kanisa la watu weusi waliotoka utumwani, ng'ambo ya mashamba, bondeni. Waumini wote walikuwa wameshakufa isipokuwa yeye. Baruti alipoliona alisimama barabarani akaisahau hata kamera shingoni. Mbao zilikuwa nzima, na kengele ilikuwa bado juu.

Shosho alikubali tulitumie, lakini kwanza alinieleza habari ya makaburi. Yapo nyuma ya kanisa, chini ya mierezi. Hayana misalaba wala majina, kwa sababu watu wale hawakuwahi kuwa na mchongaji. Kila familia iliokota jiwe la shambani ikalisimamisha kichwani pa mtu wao, na kila familia ililijua lake. Lake lilikuwa jekundu, la pekee. Mumewe alilibeba kutoka kwenye machimbo ya mtoni. Chini yake alilala mtoto wao wa pekee. Baruti alipoomba kupiga picha huko nyuma, Shosho alikataa katakata.

"Kanisa mpige mpaka mchoke. Wafu wangu waacheni walale," alisema.

Macho yake yalikuwa yameingia ukungu. Miti nayo ilikuwa imeongezeka mpaka ikamchanganya, lakini kila majira ya kuchipua alipelekwa pale, akalitafuta lile jiwe kwa vidole na kuweka mkono juu yake. Aliniambia, "Mumbi, nikijua alipo mwanangu, najua na mimi nilipo." Sharti lake la kutupa ufunguo lilikuwa moja tu: siku ya kukabidhiana, kwanza aende kwa mtoto, halafu mengine yafuate.

Siku hiyo ilikuwa Jumamosi ya Aprili, yenye mawingu mazito na upepo wa kukata. Asubuhi nilimwogesha Shosho, nikamvika kofia yake ya kanisani na glavu nyeupe, nikamwacha akimsubiri Baruti amlete baada ya chakula. Mimi nilitangulia kuwasaidia akina mama wa ushirika, waliokuwa kule tangu alfajiri kufanya usafi, wakiingilia mlango wa pembeni ambao Shosho alisema haufungiki.

Nilipokata kona ya mwisho niliona weupe.

Mkenya yeyote atanielewa. Pahali pa heshima kwetu pana mawe meupe pande zote mbili za njia: shuleni, zahanati, ofisi ya chifu. Na hapo, kutoka langoni hadi mlangoni mwa kanisa, palikuwa na mawe yamepangwa kwa mstari ulionyooka, yamepakwa rangi nyeupe mbichi, yanang'aa. Moyo wangu ulifurahi kwanza. Halafu nikajiuliza yametoka wapi.

Chelagat, mwenyekiti wa akina mama, alinijia na brashi mkononi. Huyu ni mwanamke wa Bomet ambaye akiona jani limeanguka uwanjani halali.

"Umeonaje, dada? Si pamekaa kama State House?"

"Mawe mmetoa wapi?"

"Huko nyuma kwa miti. Yalikuwa mob, mengi ajabu! Mengine yamezama kabisa, ilibidi tuchimbue na jembe. Na ile bush yote yenye maua ya blue tumefyeka. Ungeona vile palikuwa, Mumbi. Nyoka wangezaa huko."

Nilikimbia nyuma ya kanisa. Chini ya mierezi palikuwa peupe. Yale majani ya kutambaa yalikuwa yamerundikwa kando, na udongo ulikuwa umefagiwa mpaka alama za ufagio zikaonekana, kama uwanja wa mtu anayemsubiri mama mkwe. Mashimo yalikuwa yamefukiwa na kusawazishwa. Hapakuwa na hata kokoto.

"Chelagat," nikasema, "haya ni makaburi."

Akacheka. "Makaburi gani? Hakuna msalaba, hakuna jina."

Halafu akaniangalia usoni na brashi ikamwanguka. Kusema kweli nilitaka kumpiga, ingawa mimi mwenyewe sikuwa nimewaonya. Mgeni njoo, mwenyeji apone, wanasema. Sisi wageni tulikuja na jembe. Lakini sikuwa na nafasi ya hasira. Niliirudia ile njia mbio, nikawa nakwangua rangi kwa kucha, jiwe baada ya jiwe. Kijivu. Kijivu. Jeupe la asili. Kijivu.

"Kulikuwa na jekundu," nikasema. "Chelagat, jekundu liko wapi?"

Aligeuza shingo tu, nami nikafuata macho yake.

Kando ya kanisa sufuria kubwa ya githeri ilikuwa inatokota, na birika la chai limeegeshwa pembeni. Usafi wa kanisa bila chakula si usafi. Mama yeyote atakuambia. Na sufuria hukaa juu ya mafiga. Waliyatafuta matatu yanayolingana kimo wakayapata. Mawili yalikuwa ya kijivu. La tatu, ndimi za moto zikililamba ubavu, lilikuwa jekundu.

Mchungaji Ndirangu alitoka kanisani amekunja mikono ya shati. Ndirangu si mtu mbaya. Nasema hivi mapema kwa sababu nitamsema vibaya sasa hivi. Alisikiliza yote mpaka mwisho, akafuta jasho, akauliza swali moja.

"Huyo shosho anaona?"

"Anaona mwanga na kivuli."

"Basi hatujaharibikiwa. Toeni hilo jiwe, lisugueni masizi, mliweke chini ya mti. Atalishika, ataomba, moyo wake utatulia. Haya mengine tutayarudisha polepole next week."

"Tuliweke wapi, Pastor?" nikauliza. "Chini ya mti upi?"

Sote tukamgeukia Chelagat. Alionyesha mwerezi wa kwanza. Akasita, akaonyesha wa tatu. Halafu akaziba uso kwa mikono miwili.

"Tulikuwa tunaimba," akasema. "Tulikuwa tunachimba na kuimba. Kwetu wazee walizikwa bila hata jiwe. Ningejuaje?"

"Nitamwambia," nikasema.

"Dada Mumbi." Ndirangu aliteremsha sauti. "Ukimwambia utamsaidia nani? Yeye? Mama wa umri ule utamuua. Sisi? Turudi Landover tukahubirie honi? Mtoto amelala chini miaka zaidi ya hamsini. Mungu anajua alipo. Maji yakimwagika hayazoleki. Leo nyamaza tu."

Maneno yake yaliniudhi, na bado yalinivuta. Kwa sababu nililitaka lile kanisa. Nililitaka mpaka nikajionea aibu. Nilijaribu kumpigia Baruti nimcheleweshe njiani, lakini bondeni mule simu ilikuwa kipande cha plastiki tu, bila mtandao.

Vijana wawili wa kwaya walilibeba jiwe kwa magunia mabichi. Walipolimwagia maji lilitoa mvuke kwa kishindo hata mmoja akaruka. Chelagat alilisugua kwa stilwuli akilia kimya kimya, masizi yakimchirizika mpaka kwenye viwiko. Wakaenda kulisimamisha chini ya mwerezi wa tatu, kwa sababu ndio aliouonyesha mwisho. Walikuwa wanakanyaga udongo kulikaza niliposikia gari langoni.

Baruti alishuka kwanza akazunguka kumfungulia Shosho. Halafu akaona njia. Alisimama na mkono juu ya mlango, akiyaangalia yale mawe upande huu na upande ule, taratibu, na uso wake ukabadilika mpaka nikainamisha wangu.

"Kuna nini hapo kinachong'aa?" Shosho akauliza.

"Rangi, Bi Peterson," Baruti akamjibu. Kisha akageukia Kiswahili, kwa sauti ya chini, kwa kuwa Shosho hakukijua. "Mumbi. Mawe haya yametoka wapi?"

Nilifungua mdomo. Ndirangu akawahi.

"Ndugu Baruti, tafadhali, tutaongea baadaye. Usimtie mama wasiwasi."

"Nimeuliza yametoka wapi."

"Baadaye, ndugu yangu. Nakuomba kwa jina la Bwana."

Baruti aliniangalia mimi, si yeye. Ni mimi niliyekuwa nimekaa gari moja naye mwaka mzima. Nikamshika Shosho mkono bila kumjibu, na hivyo nilikuwa nimemjibu.

"Mnaongea lugha yenu kwa haraka leo," Shosho akasema, akacheka kidogo. "Haya, Mumbi. Nipeleke kwa mwanangu."

Tulipita katikati ya yale mawe. Alinuka sabuni niliyomwogeshea asubuhi. Akina mama walikuwa wamesimama ukutani kimya, kanga mabegani, na hakuna aliyethubutu kupiga vigelegele walivyokuwa wamepanga. Nyuma ya kanisa fimbo yake iligonga udongo mtupu, akasimama.

"Majani yangu yako wapi?"

"Pamesafishwa, Shosho."

"Hm," akasema. Fimbo ikagonga tena, ikitafuta kitu ilichokizoea. Nilihisi mkono wake ukinikaza. "Pamekuwa pageni. Tuko karibu na mti upi?"

"Wa tatu," nikasema.

Nilimsaidia kupiga magoti, kazi iliyochukua muda, maana magoti yale yalikataa kukunjwa hata bafuni. Ndirangu alikuwa nyuma yetu, Baruti kando yake, Chelagat nyuma zaidi. Shosho alivua glavu kidole kwa kidole. Akanyoosha mkono hewani, ukapapasa, ukalipata jiwe.

Ukakaa pale.

Upepo ulikuwa ukivuma moja kwa moja kutoka mashambani. Mimi nilikuwa nimevaa koti zito na bado nilikuwa natetemeka.

"Mbona lina joto?" akauliza.

Chelagat alificha mikono nyuma.

"Mumbi. Mbona jiwe lina joto?"

"Labda ni jua, mama," Ndirangu akasema.

"Jua gani?"

Kweli, jua gani. Mbingu ilikuwa nzito tangu alfajiri. Yeye aliinua uso kwangu, yale macho ya ukungu yakinitafuta mahali nilipokuwa, na nikaona kwamba nikisema uongo hapo, nitakuwa nikirudi kumwogesha kila asubuhi nikiwa nao. Nikapiga magoti kando yake nikamwambia. Sikupamba. Nilimwambia kwamba mawe yote yameng'olewa na kupakwa rangi, yamepangwa njiani, kwamba kwetu hiyo ni heshima, kwamba jiwe lake lilikuwa figa chini ya sufuria, na kwamba tumelisimamisha hapa dakika chache zilizopita ili asijue.

Ndirangu alifumba macho. Baruti ndiye aliyelipuka.

"Bi Peterson, twende zetu." Kisha akatugeukia sisi, na Kiswahili chake kile cha vitabuni kikatoka kimenyooka kuliko siku zote. "Watu wangu hawakuwa na majina juu ya makaburi yao. Mawe haya ndiyo yalikuwa majina! Na ninyi mmeyafanya ua wa njia. Niliwazungusha mimi kwenye makanisa haya. Mimi!"

"Nyamaza, Baruti," Shosho akasema. Hakuwa ameondoa mkono. "Alikuwa wapi hasa?"

Chelagat alikuja mbele na mikono yake ya masizi, akapiga magoti upande wa pili wa jiwe.

"Sijui, mama. Mimi ndiye niliyelichimbua. Nimejaribu kukumbuka. Sijui."

Basi Shosho aliinua fimbo akaipiga chini, mara ya kwanza na ya pili, udongo ukaruka. Nilidhani ya tatu itampata Chelagat, na Chelagat nadhani aliitaka, maana hakujisogeza.

"Nilikuwa na kitu kimoja," Shosho akasema. "Kimoja tu kilichobaki. Mahali pa kuweka mkono."

Akalia. Alilia kwa sauti, mdomo wazi, kofia ikimwendea upande. Nilimshika mabega, na mimi nikalia, wala sijali nani aliniona. Nimeona wagonjwa wangu wakifa na sikulia vile. Kulikuwa na mtoto chini ya udongo ule, mahali fulani kati ya miti ile, na sisi tuliokuja kwa jina la Mungu tulikuwa tumempoteza.

Ilipita muda kabla ya pumzi yake kurudi. Nilitegemea aniambie nimsimamishe, nimpeleke garini. Badala yake aliurudisha mkono juu ya jiwe, akaweka na wa pili, wenye glavu bado.

"Alizaliwa Februari," akasema. Alisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayesimulia habari za jirani. "Theluji ilifunga barabara. Kuni zikaisha. Peterson alivunja viti akachoma, kisha meza, kisha kitanda alichomtengenezea mtoto mwenyewe. Nilimweka humu, kifuani, ndani ya gauni. Akawa anapoa tu. Nilimhisi akipoa."

Hata Ndirangu alikuwa ameshuka chini akapiga magoti na suruali yake ya suti.

"Kila mwaka ninapoligusa hili jiwe lina baridi ileile. Hata jua likiwaka, chini ya miti hii. Kila mwaka, mpaka leo." Vidole vyake vilikuwa vikipita taratibu juu ya jiwe, na masizi yalikuwa yameshaanza kuiharibu glavu. "Mlikuwa mnapika nini?"

"Githeri, mama," Chelagat akasema. "Mahindi na maharage. Na chai."

"Kwa watu wengi?"

"Kwa kila mtu."

"Moto bado unawaka?"

"Makaa yapo."

Shosho alininyooshea mkono nimwinue. Alipokuwa wima, na fimbo yake mkononi, aliligusa jiwe kwa ncha ya fimbo.

"Lirudisheni."

"Tulirudishe wapi, mama?" Ndirangu akauliza. "Hatujui mahali pake..."

"Motoni," akasema. "Nimesema lirudisheni motoni."

Wakalirudisha. Ndirangu mwenyewe alishika upande mmoja. Mtu alileta kiti kutoka kanisani, Shosho akaketi mbele ya mafiga na koti langu magotini, mikono ameinyoosha mbele. Chelagat alipiga magoti akapuliza makaa mpaka ndimi zikashika, sufuria ikarudishwa juu, na baada ya kitambo githeri ikaanza tena kutokota. Ufunguo ulikuwa ndani ya mkoba wake, na mkoba ulikuwa mapajani. Hakuufungua. Hakuna aliyeuliza. Baruti alibaki langoni ametupa mgongo, na nilipompelekea kikombe cha chai alikipokea bila kuniangalia, hakunywa. Sidhani kama tulikuwa tumesamehewa. Sikuona sababu ya kusamehewa.

Chelagat alimjazia Shosho bakuli. Alikula kidogo, akarudisha kijiko, akaendelea kuukabili moto. Mawingu yalikuwa yameshuka zaidi, baridi imezidi, na baadhi ya akina mama walikuwa wameanza kukusanya vyombo kimya kimya. Moto ukaanza kunywea. Shosho aligeuza uso akimtafuta Chelagat.

"Ongeza kuni," akasema.

Chelagat akaongeza.